Songo Mnara: jinsi uwanja mtupu ulivyosomwa

Chukua ramani yoyote ya zamani ya magofu ya pwani yetu. Utaona kuta zimechorwa kwa wino mweusi, misikiti imeandikwa majina, makaburi na visima vimewekewa alama. Panapobaki ni karatasi nyeupe. Weupe ule ndio sehemu kubwa ya mji, na ndiko watu walikoshinda mchana kutwa: njia ya kwenda kisimani, mahali pa kupara samaki, kivuli cha kusukia ukili, pembe ya kumwagia majivu. Kwa miaka mingi wataalamu waliupita tu, kwa kuwa hauna kitu cha kupiga picha. Mradi ulioanza Songo Mnara mwaka 2009, chini ya Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, uliamua kutumia muda na fedha kwenye weupe huo huo. Kwa maoni yangu, hakuna kazi ya akiolojia ya pwani inayofundisha zaidi kuhusu namna ya kuuendea mtaa wa kale, na inafaa kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu nguvu yake imo katika mpangilio wa hatua zenyewe.

Songo Mnara ni kisiwa kilichoko kusini ya Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi. Mahame yake yako ncha ya kaskazini: nyumba za mawe zaidi ya 30, misikiti kadhaa, jumba kubwa linaloitwa kasri, makaburi, na mabaki ya ukuta wa mji. UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981 pamoja na Kilwa Kisiwani. Mji ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 16. Haukumaliza karne mbili.

Ufupi huo wa maisha ni bahati kubwa kwa mchimbaji. Kilwa Kisiwani watu wamekaa tangu karne ya 9, na kila kizazi kimechimba msingi wake ndani ya sakafu ya babu zake. Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8, ya miti kwanza na ya mawe baadaye. Miji ya namna hiyo inaeleza vizuri mabadiliko ya karne hadi karne, lakini ukitaka kujua mtaa ulikuwaje kwa wakati mmoja, nani alikuwa jirani ya nani na kazi gani ilifanywa wapi, tabaka hizo zinakuchanganya. Songo Mnara sakafu nyingi zilitumika, dari zikaanguka, kifusi kikazifunika.

Waliotangulia walitafuta vitu vingine, na walivipata. James Kirkman alipochimba Gede kuanzia mwaka 1948, nyumba nyingi alizipa majina ya vitu alivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kaure. Mgeni anayezuru Gede leo bado anasoma majina hayo. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alipanga historia ya mji kwa vyombo vya nje na sarafu. Peter Garlake alichora nyumba za Songo Mnara kwa uangalifu ambao bado unategemewa, katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu usanifu wa kale wa Kiislamu wa pwani hii. Bila hao tusingekuwa na tarehe wala ramani. Lakini mkasi ukishatolewa na kupewa namba, na udongo uliouzunguka ukamwagwa nje ya ukuta, hakuna tena wa kukuambia ulikuwa umelala karibu na meko au karibu na mlango, wala ulikuwa na vipande vya nyuzi au na magamba ya samaki.

Kulikuwa na pengo jingine kubwa zaidi. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliutaja kuwa mji mzuri na akasema umejengwa kwa miti. Ndiyo kusema, hata katika mji uliosifika kuliko yote, macho ya mgeni yaliona zaidi nyumba za miti. Sisi tumerithi magofu ya mawe kwa sababu mawe hayaozi. Nyumba ya fito iliyokandikwa udongo ikianguka, mvua za masika mbili tatu zinaisawazisha na ardhi. Mwaka 1999 Adria LaViolette na Fleisher walichapisha makala katika jarida la Azania wakidai kwamba wakazi wengi wa miji ya Waswahili waliishi katika nyumba hizo za udongo, na kwamba njia zetu za uchimbaji ndizo zilizowafanya wasionekane. Songo Mnara ndipo dai hilo lilipowekewa vipimo.

Hatua ya kwanza haikugusa jembe. Timu ya upimaji, iliyoongozwa na Kate Welham wa Chuo Kikuu cha Bournemouth, ilitembea juu ya viwanja ikiwa na vifaa vya kupima usumaku wa ardhi. Usumaku wa dunia, kutegemea mahali ulipo, uko kati ya nanotesla 25,000 na 65,000 hivi. Udongo wa mfinyanzi ukiungua, chembe za chuma zilizomo ndani yake hujipanga upya zinapopoa, na mahali hapo panabaki na tofauti ndogo, labda nanotesla chache tu, lakini ya kudumu. Meko, ukuta wa udongo uliowaka moto, taka za mhunzi: vyote vinaacha alama ya aina hiyo. Mpimaji anakwenda kwa mistari iliyonyooka, nafasi sawa kati ya mstari na mstari, na mwisho anapata picha ya madoa meusi na meupe. Uwanja uliodhaniwa mtupu ukawa umejaa madoa.

Hapa ndipo miradi mingi huteleza. Doa halisemi ni nini. Meko ya miaka 600 iliyopita na msumari ulioangushwa na mvuvi juzi vinaweza kufanana kwenye karatasi. Kwa hiyo hatua ya pili ilikuwa kuchimba mashimo madogo ya majaribio kwenye viwanja, palipokuwa na madoa na pasipokuwa na madoa pia. Hilo la pili ni la lazima. Ukichimba kwenye madoa peke yake, hutajua ardhi isiyo na doa imeficha nini, na picha yako ya mji itakuwa picha ya kile ambacho kifaa kinaweza kuona.

Upande wa magharibi wa mji mashimo yalitoa jibu. Kulikuwa na mabaki ya nyumba za udongo, na dalili za kazi ya chuma. Ushahidi wa nyumba ya udongo ni mnyenyekevu sana: dongoa gumu la ukubwa wa ngumi, lenye mfuo upande mmoja ambapo fito ilikaa. Fito yenyewe imeoza zamani, umbo lake limebaki. Mtu aliyewahi kukandika kiambaza atalitambua dongoa hilo mara moja. Aliyefundishwa kutafuta kaure ya Uchina atalitupa pamoja na kifusi.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha kazi yote. Walikusanya udongo wenyewe, kwa gridi, ndani ya nyumba na nje uwanjani, wakaupeleka maabara kupimwa elementi. Ili kuelewa kwa nini, mfikirie mtu anayefagia uwanja wake alfajiri kwa ufagio wa chelewa. Kigae kikubwa kinasukumwa hadi jalalani. Mfupa wa mbuzi vilevile. Ushanga uliokatika uzi, gamba la samaki, punje ya uwele iliyoungua, hivyo vinapita kati ya njiti za ufagio, vinakanyagwa na kuzama. Na kilichomwagika, mchuzi, damu ya kuku, maji ya kuoshea samaki, hakifagiliki kabisa. Kwa hiyo vitu vikubwa vinakuonyesha watu walitupa wapi, na vile vidogo na vya kimiminika ndivyo vinavyokuonyesha walifanya kazi wapi. Mchimbaji anayeokota vigae tu anachora ramani ya majalala akidhani ni ramani ya maisha.

Fosforasi ndiyo kiongozi wa vipimo hivi. Imo katika mifupa, nyama, kinyesi, mabaki ya mimea, na ikishaingia ardhini hujifunga kwa madini na kukaa hapo karne nyingi. Majivu ya kuni yanaacha potasiamu na magnesiamu. Kufua chuma kunapandisha chuma na metali nyingine. Pwani ina ugumu wake, na mtu anayenakili mbinu za bara la Ulaya bila kufikiri atapotea: mji mzima ulijengwa kwa matumbawe, ukaunganishwa na kupakwa kwa chokaa iliyochomwa kutoka matumbawe hayohayo, na ardhi yake imejaa chaza na kombe. Kalisiamu iko kila mahali. Kiwango kikubwa cha kalisiamu chaweza kuwa dalili ya jalala la kombe, ya plasta iliyoanguka, au ya mahali fundi alipokorogea chokaa. Ndiyo maana hakuna elementi hata moja iliyoachiwa ihukumu peke yake. Federica Sulas na Fleisher, katika makala yao ya mwaka 2015 kuhusu viwanja hivi, waliweka vipimo vya usumaku, elementi za udongo na mtawanyiko wa vitu juu ya ramani moja, na wakatafuta mahali ambapo vyote vitatu vilikubaliana.

Halafu kuna fitolithi. Mimea mingi hunyonya silika pamoja na maji, na silika hiyo hugandamana ndani ya seli ikachukua umbo lake. Mmea ukioza au ukiungua, vijiwe hivyo visivyoonekana kwa macho vinabaki. Jamii ya minazi na mikoma ina vijiwe vya mviringo vyenye miiba midogo. Nyasi na nafaka zina maumbo yao, na hata maganda ya punje yanatofautiana na majani na mabua. Chini ya hadubini, sakafu inaweza kukuambia kama palitandikwa mkeka au palipepetwa nafaka. Lakini udongo wenye chokaa nyingi huziyeyusha fitolithi taratibu, kwa hiyo penye chache huwezi kusema mara moja kwamba hapakuwa na mmea. Lazima upime kwanza uchachu wa udongo, ujue kama mahali hapo palikuwa na uwezo wa kuzihifadhi.

Kwa sakafu chache walifanya zaidi. Bonge la udongo linakatwa likiwa zima, bila kuvurugwa, linaloweshwa kwa gundi maalumu hadi ligeuke jiwe, kisha linakatwa kipande chembamba cha milimita 0.03 ambacho mwanga unaweza kupenya. Sulas na Marco Madella walieleza kazi hii mwaka 2012. Katika kipande hicho unaona sakafu kwa upande: tabaka la chokaa, utando wa vumbi lililokanyagwa, tabaka jingine la chokaa, majivu kidogo, vumbi tena. Ukarabati wa sakafu unahesabika. Nauthamini uchambuzi huu kuliko mwingine wote, kwa sababu unarudisha wakati ndani ya kitu ambacho kwa jicho la kawaida ni mstari mmoja wa kijivu.

Picha iliyotokea ni ya mji wenye viwanja vya tabia tofauti. Magharibi palikuwa na makazi ya udongo na kazi za mikono, moshi na kelele. Uwanja wa katikati, wenye makaburi na msikiti mdogo, hauna wingi huo wa shughuli, na Fleisher anaona kwamba ulitengwa na kulindwa kwa makusudi tangu mji ulipopangwa. Penye makaburi palipatikana sarafu ndogo za shaba za aina ya Kilwa na vijiwe vyeupe. Watu waliendelea kuwazuru maiti wao na kuwawekea kitu. Kama sarafu hizo zingeokotwa na kupelekwa moja kwa moja kwa mtaalamu wa sarafu, angetuambia ni za sultani gani, basi. Kwa kuwa mahali pa kila moja palipimwa, tunajua kwamba fedha ya sokoni ilikuwa pia na kazi kaburini.

Ndani ya nyumba za mawe matokeo yalivuruga mazoea yetu zaidi. Tunachokijua kuhusu nyumba ya Kiswahili tumekipata kwa sehemu kubwa Lamu, kutoka nyumba za karne ya 18 na watu walioishi ndani yake baadaye. Linda Donley-Reid aliandika vizuri katika miaka ya 1980 juu ya nyumba hizo: daka mlangoni, kisha ua, kisha vyumba vinavyofuatana hadi ndani kabisa, kila hatua ikiwa ya faragha kuliko iliyotangulia. Kwa miaka mingi mpangilio huo ulirudishwa nyuma na kuvikwa magofu ya karne ya 14 na 15. Kwa juu juu unakaa. Nyumba za Songo Mnara zina ua ulioshushwa na kuzungukwa na ngazi za kukalia, na vyumba virefu vyembamba visivyozidi mita 3 hivi kwa upana, kwa kuwa boriti ya mkoko haibebi dari pana zaidi. Lakini uchimbaji wa nyumba kadhaa, ile namba 44 ikiwemo, kwa kupima mahali pa kila kitu sakafuni, ulikuta sarafu, shanga na vigae vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati kwa ajili ya kusokotea uzi wa pamba. Mwaka 2013 Wynne-Jones alihoji kutokana na ushahidi huo kwamba nyumba ya mawe ilikuwa na maisha ya hadhara: watu waliingia kwa shughuli, kazi ilifanyika, mali ilihesabiwa. Faragha ya Lamu ni ya kweli kwa Lamu ya wakati wake. Kuibebesha Songo Mnara ni kuwanyima watu wa karne ya 15 haki ya kuwa na desturi zao wenyewe.

Kigae hicho kilichotobolewa kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Kilianza kuwa chungu au bakuli. Kikavunjika. Mtu akachagua kipande kisicho na ukunjo, akakisugua kingo juu ya jiwe la matumbawe hadi kikawa duara, akakitoboa katikati kwa subira, kwa maana tundu likienda upande kijiti kinayumba na uzi unakatika. Uzani wake unaamua unene wa uzi: kizito kwa uzi mnene, chepesi kwa uzi mwembamba. Kukipima kwa gramu na kuandika kilikuwa chumba gani ni kazi ya dakika chache, na inatupa habari za wasokotaji ambao hakuna hati inayowataja.

Nina shaka zangu pia. Udongo hauna kalenda. Baada ya mji kuhamwa kisiwa hakikubaki bila watu. Kumekuwa na mashamba, minazi, mbuzi, na kijiji kipo hadi leo. Fosforasi ya mbuzi wa karne ya 20 haina rangi tofauti na ya karne ya 15. Kinga pekee ni kuchukua sampuli za kulinganishia nje ya mji, kwenye ardhi ambayo haijakaliwa, na kuchimba chini ya tabaka la kilimo kabla ya kuchota udongo. Vilevile, gridi yenye nafasi kubwa kati ya sampuli na sampuli inafaa kwa uwanja lakini haitoshi kwa nyumba ya udongo yenye chumba cha hatua nne. Makazi ya magharibi yanahitaji gridi ya karibu zaidi kuliko ile inayotosha uwanja wa kati, la sivyo tutaendelea kuwajua wenye nyumba za mawe chumba kwa chumba na wenye nyumba za udongo kwa jumla.

Na chakula kinahitaji ulinganisho wa kisiwa kwa kisiwa. Sarah Walshaw, kwa kuosha udongo wa Pemba na kukusanya punje zilizoungua, alionyesha kwamba wakazi wa awali walitegemea zaidi uwele na kwamba wali ulichukua nafasi baadaye miji ilipokua. Hilo halionekani katika kuta. Halionekani hata kwa chekeche la kawaida la milimita 5, ambalo punje na shanga ndogo hupita bila kikwazo. Mifupa ya samaki nayo ina upendeleo wake: taya la kooni la pono ni nene kama jiwe na hudumu, wakati mifupa ya dagaa hupotea. Asiyechekecha kwa wavu mdogo atatangaza kwamba watu walikula pono tu.

Jambo linalonisumbua ni kwamba utaratibu huu unafanyika kwenye magofu yasiyo na watu, na haufanyiki penye mitaa hai. Hata ukarabati wa magofu una hatari yake. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kutolewa mwaka 2014, baada ya kuta nyingi kuimarishwa, na kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Lakini fundi anayetaka kuimarisha ukuta huanza kwa kuondoa kifusi kilicho chini yake, na sakafu iko chini ya kifusi. Mpimaji akija baada ya fundi, amechelewa.

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa na Bagamoyo, mitaro ya mabomba na mashimo ya vyoo huchimbwa mwaka hadi mwaka. Kila mtaro una kuta mbili zinazoonyesha tabaka zote za mtaa, kwa siku moja au mbili, kabla ya kufukiwa. Kipimo cha awali cha fosforasi hakihitaji mashine ya mamilioni. Udongo kidogo unawekwa juu ya karatasi ya kuchujia, unadondoshewa mchanganyiko wa amonia molibdeti na asidi, kisha myeyuko wa vitamini C. Ndani ya dakika chache rangi ya buluu inasambaa, na kadiri fosforasi ilivyo nyingi ndivyo buluu inavyokolea. Mwanafunzi wa akiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako somo hili limefundishwa tangu miaka ya 1980, anaweza kukifanya kipimo hicho akiwa amechuchumaa Kiponda au Mkunazini, mitaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Achote sampuli kila sentimita 10 kutoka juu hadi chini, kila mfuko uandikwe kina, tarehe na umbali kutoka pembe ya nyumba iliyo karibu, na sehemu ya kila sampuli iwekwe kavu kwa ajili ya fitolithi. Mafundi wa bomba watasubiri nusu saa.